Sauti Yenye Maji

Sauti ya marehemu baba mdogo ilitoka kinywani mwa baba yangu siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, baada ya bilo ya pili, yaani kikombe cha pili cha kinywaji chetu cha mizizi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, vidole vyangu viwili vikiwa kooni mwake, na nilihisi mtetemo kabla ya kuisikia sauti yenyewe. Ilikuwa nzito, ya polepole, na ilikuwa na maji ndani yake, kama ya mtu anayesemea mtungini. Ilisema neno moja tu, "Titilia," na mjane wa marehemu, Mama mdogo Titilia, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akaangusha kipepeo chake cha kujipepea.

Tulikuwa watu kumi na wanne mkekani. Baba mdogo Kaliova alikuwa amefia baharini miaka kumi na miwili nyuma, mwili wake haukupatikana, na wote waliomfahamu waliitambua sauti ile. Hata mimi niliitambua. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Mimi niliyejua vizuri kabisa kilichokuwa kikitokea shingoni mwa baba, nywele zilinisimama kama za wengine.

Wiki sita kabla ya siku hiyo, baba alipatwa na kiharusi akiwa shambani. Mkono ukarudi, mguu ukarudi nusu, maneno yakarudi yote. Tulimshukuru Mungu hasa kwa hayo maneno, maana baba, Nemani, alikuwa msemaji wa mkuu wetu. Kwetu Kadavu, kisiwa cha Fiji, mkuu hajisemei mbele za watu. Msemaji ndiye anayepokea zawadi kwa niaba yake, ndiye anayejibu, ndiye anayetamka kwamba mtu amesamehewa. Baba alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa kavu na safi, unaisikia ukiwa ng'ambo ya mto. Kitu kimoja hakikurudi, nacho hatukujua kwamba kilikuwa kimeondoka.

Aliyekigundua ni Meredith, dada mmoja kutoka Australia aliyekuwa akijitolea katika hospitali ya mjini. Alimketisha baba kwenye mashine ya picha za mifupa, akampa maji yaliyochanganywa na unga mweupe, akaniambia nitazame kwenye kioo. Nikayaona mataya ya baba, meno, uti wa shingo, mifupa mitupu, na ile mifupa ikanywa maji.

Meredith alinieleza taratibu, maana Kifiji chake kilikuwa cha kuungaunga na Kiingereza changu ni cha jikoni. Nyuma ya ulimi, alisema, njia mbili zinakutana. Ya pumzi iko mbele, ya chakula iko nyuma, kwa hiyo kila tonge na kila funda la maji lazima lipite juu ya mlango wa pumzi. Mtu anapomeza, koo lote hupanda, kifuniko kidogo hulala juu ya mlango, chini yake nyuzi za sauti hubanana kama midomo, na pumzi husimama. Halafu kila kitu kinarudi mahali pake. Ni chini ya sekunde moja, na tunalifanya hilo mara mamia kwa siku, hata usingizini, bila kuamriwa na mtu. Likiponyoka tone moja, kikohozi hulifukuza.

Kooni mwa baba kifuniko kilichelewa. Niliona uzi mweusi ukiponyoka mbele, ukapita katikati ya nyuzi za sauti na kushuka kwenye bomba la pumzi. Nikangoja apaliwe. Mtu akipaliwa si hutoka machozi, akapigwa mgongoni? Baba alikaa ametulia, akauliza kama tumemaliza. Mlinzi wa mlango alikuwa amelala fofofo, na mwenye nyumba hakujua kwamba ameingiliwa.

"Watu wanaogopa mgonjwa akikohoa," Meredith aliniambia. "Wewe ogopa asipokohoa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawaza, lakini sikujua jinsi ya kumtafsiria. Alinipa amri zake nne. Kila anachokunywa kiwe kizito kama uji mwepesi, kwa sababu kizito kinakwenda polepole na kukipa kifuniko nafasi ya kuwahi. Ameze akiwa ameinamisha kidevu kifuani. Kila baada ya funda aseme aa. Na sauti ikitoka na maji, basi maji yamekaa juu ya nyuzi au yamekwisha pita. Akohoe kwa nguvu, ameze tena, ndipo aseme kingine.

Mimi ni mpishi. Wakati huo nilikuwa nikiwapikia wanafunzi mia mbili wa shule ya bweni, na uzito wa mchuzi hakuna wa kunifundisha. Niliporudi kijijini nikachemsha chai na unga wa uwanga wetu wenyewe, baba akainywa kwa kijiko, kidevu chini, akasema aa kavu kama kuni. Alilalamika kwamba namlisha gundi. Nikamwambia gundi ndiyo dawa ya vitu vilivyovunjika.

Chai niliiweza. Yaqona ilinishinda.

Mizizi ya yaqona ikishatwangwa na kukamuliwa kwenye maji, inatoka nyepesi kama hayo maji yenyewe, na inatia ulimi na koo ganzi. Unaletewa bilo, kile kikombe cha kifuu cha nazi. Unapiga kofi moja, unainua uso, unaimimina yote kwa mkupuo mmoja, na watu wanapiga makofi matatu. Hakuna kunywa kwa kijiko. Hakuna kuinamisha kidevu. Na fungu la mizizi likishawekwa mkekani kwa maneno yake, halirudi lilikotoka. Msemaji akilipokea, lazima linywewe, na yeye ni wa pili kunywa baada ya mkuu. Asipokunywa, ni kana kwamba aliyeleta hakusikilizwa.

Alhamisi ile Mama mdogo Titilia ndiye aliyeleta. Alisema ni shukrani kwa kaka wa mumewe kurudi salama kutoka hospitali. Mizizi ilitoka katika bustani aliyoipanda Kaliova mwenyewe, mizee, minene kama mkono. Nilikwenda mapema kwa binamu yangu Sailosi, aliyekuwa mchanganyaji, nikamsihi bilo ya baba iwe nusu. Sailosi alicheka. Alisema bilo moja haijawahi kuua mtu Kadavu, na kama ingekuwa inaua, kanisani wangebaki wanawake na kuku. Jambo pekee nililopata ni ruhusa ya kukaa nyuma ya baba kama muuguzi wake.

Kwa hiyo nilikuwepo, vidole kooni. Kwenye bilo ya kwanza nilihisi koo likipanda kwa kusitasita na kushuka. Kwenye ya pili halikupanda kabisa mpaka maji yalipokwisha pita. Baba alifungua kinywa kumshukuru shemeji yake kwa jina, na jina likatoka na sauti ya mdogo wake.

"Kaliova," Mama mdogo alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayefungua mlango na kumkuta mgeni aliyemtazamia.

Nilimwinamisha baba, nikamwambia akohoe. Akakohoa mara mbili, kikohozi dhaifu cha paka, na alipozungumza tena alikuwa Nemani. Watu wakatazamana. Kikohozi changu kilikuwa kimemfukuza marehemu.

Jioni ile ile niliwaeleza. Nilichora mchangani njia mbili, mlango, kifuniko. Niliwaambia kwamba ndugu wawili wana umbo moja la koo, na ukitia maji katika sauti ya mmoja si ajabu ikafanana na ya mwingine, hasa ikiwa huyo mwingine kila mtu anamkumbuka akiwa majini. Sailosi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sisi wote tuna mlango shingoni," alisema, "na wa mzee umeoza bawaba?"

"Ndiyo."

"Haya. Na mlango ukiwa wazi, dada, anaingia nani?"

Watu walicheka, lakini si sana. Mchungaji, ambaye angewakemea, alikuwa mjini kwenye mkutano wa kanisa mpaka Jumanne. Ijumaa Mama mdogo akaleta fungu jingine, na safari hii hakusema ni shukrani. Alisema anamwomba mkuu ruhusa ya kumsikia mumewe.

Mkuu alikuwa mzee mpole asiyependa kukataa. Alimtazama baba. Baba alilitazama fungu kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono na kuligusa, na kwa kuligusa akawa amelipokea. Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachota bilo yake kwa siri na kuitia uwanga niliokuwa nimeukoroga tayari. Baba aliinywa ikateremka kama kamasi, na aliposema, sauti ilikuwa kavu, yake mwenyewe. Mama mdogo alingoja. Mwishowe akachukua kipepeo chake.

"Leo hayupo," alisema.

Sailosi alilamba ukingo wa bilo, akanitazama. Akatangaza kwamba Arieta amempikia mzee wetu uji wa yaqona, na watu wakaangua kicheko, lakini uso wa Mama mdogo haukucheka. Kwao lilikuwa jambo lililothibitika. Uwanga wangu ulikuwa umemzuia marehemu njiani. Jumamosi Sailosi alimpelekea baba bilo kwa mkono wake mwenyewe, huku wanawake wawili wamenishika mikono kwa upole kabisa, na sauti yenye maji ikarudi. Ilisema kuna baridi. Ilisema, "Titilia, kuna baridi huku," na mwanamke mmoja akaanza kulia.

Usiku ule sikumbembeleza baba. Nilimwambia kwamba kila bilo inaingia kwenye mapafu, kwamba mapafu yataoza, kwamba wanamwua kwa sababu ya mzimu usiokuwepo.

"Wanadhani ni baba mdogo," nilisema.

"Najua wanachodhani."

"Basi waambie wewe. Wewe watakuamini."

Alikuwa akinywa chai yake nzito kwa kijiko, kidevu kifuani, mtiifu kama mtoto. Alimeza, akasema aa bila kuambiwa. "Miaka thelathini nimesema maneno ya mtu mwingine," alisema. "Yangu sijawahi kuyasema. Sijui yanaanzaje."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uchovu wa ugonjwa. Jumapili tulipumzika, nikamwona akitetemeka kidogo ibadani, nikajiambia ni upepo.

Inabidi niseme hapa habari za Kaliova, kama tulivyozijua. Alikuwa akizamia majongoo bahari kwa mashine ya hewa. Mashine inakaa kwenye mashua, inanguruma, mpira mrefu unapeleka pumzi chini, na mtu mmoja anabaki juu kuiangalia na kuushika mpira. Siku ile aliyebaki juu alikuwa baba. Alirudi peke yake na mpira uliokatika, akasema papa. Mkuu alimpelekea mjane maneno ya rambirambi, na aliyeyatamka maneno hayo, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alikuwa baba.

Jumatatu nyumba ilijaa mpaka ukumbini. Mvua ilikuwa inanyesha, na saa nane mchana ilikuwa kama magharibi. Nilirudishiwa nafasi yangu nyuma ya baba kwa sharti kwamba nisilete uwanga. Nilikuwa nimepanga la kufanya. Ningemwacha anywe, kisha kabla hajatamka neno ningemkohoza, na ningemkohoza tena na tena mpaka watu wachoke waende makwao.

Bilo ya kwanza, nikamkohoza. Ya pili, nikamkohoza. Kwenye ya tatu nilihisi maji yakimteremka kooni na koo lenyewe limesimama tu, kama mtu aliyekaa kando ya njia akawaacha wageni wapite. Nikafungua kinywa kusema kohoa. Baba akainua mkono, akavishika vidole vyangu viwili, akaviondoa shingoni mwake na kuviweka juu ya mkeka. Hakunitazama.

"Titilia," ilisema ile sauti. "Hapakuwa na papa."

Mvua ilikuwa kubwa, lakini kila mtu alisikia. Mama mdogo alikuwa amekaa wima, kipepeo mapajani.

"Mpira haukukatika. Ulikatwa baadaye, kwa kisu. Petroli ilikwisha. Nilivuta mpira mara tatu." Sauti ilijaa maji, ikazama, ikaibuka. "Nemani alikuwa amekunywa usiku kucha. Nemani alikuwa amelala. Mara tatu, Titilia. Alidhani ni mawimbi."

Watu walishika vinywa. Walikuwa wanamsikia marehemu akimshitaki kaka yake kwa kinywa cha huyo kaka, na waliogopa hata kumtazama. Mimi niliogopa kitu kingine. Nilikuwa najua kwamba hapo hapakuwa na mtu ila baba, na nilijua kwamba idadi ile, mara tatu, alikuwa nayo mtu mmoja tu aliye hai, yule aliyekuwa ameuzungushia mpira mkononi mwake. Mgongo wa baba ulikuwa mbele yangu. Kila pumzi yake ilikuwa na kelele za maji yanayochemka. Neno moja langu, kohoa, lingetosha, na angelitii, maana alikuwa amezoea kunitii.

Sikulisema. Nilitaka kusikia mwisho wake. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii, ya heshima, ya huruma, na sijaipata. Nilikuwa mwanawe, nilimpenda, na nilitaka kusikia.

"Hataki kusamehewa," sauti ilisema. "Anataka tu ijulikane." Kisha ikanyamaza.

Kimila hapo msemaji ndiye angejibu. Msemaji alikuwa ameshasema. Ikabidi mkuu mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, afungue kinywa mbele za watu, na alichosema ni kwamba mvua imezidi, turudi makwetu. Mama mdogo alikuwa wa mwisho kuondoka. Alipita mbele ya baba akiwa ameinama kama inavyopasa, akamgusa goti, akatoka.

Homa ilipanda Jumanne alfajiri. Mashua ya kwenda mjini ilipatikana Jumatano. Alifariki siku ya kumi na moja, na katika siku zote hizo kumi na moja hakukohoa.

Kijijini walisema Kaliova amemchukua kaka yake. Sikubishana nao. Nililiacha jiko la shule baadaye, na leo mimi ndiye wanayemwita Kadavu nzima pale mtu anapopigwa na kiharusi. Nakwenda na unga wangu wa uwanga, kijiko, na vidole viwili. Nimezishika shingo nyingi. Kila mara kuna ule muda mfupi ambapo koo limepanda, mlango umefungwa na pumzi imesimama, na kila mara nangoja kama mtu asiyejua kama litashuka.

Mwaka jana waliniita kwa Mama mdogo Titilia. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa tangu ile Jumatatu. Alikuwa amepooza upande mmoja, mdogo kama kifaranga ndani ya blanketi, lakini macho yalikuwa yale yale. Nilimkorogea chai. Nilipokuwa nikiipuliza alisema, bila mimi kumwuliza:

"Kaliova hakuwahi kuniita Titilia."

Nikaendelea kupuliza.

"Tangu siku ya harusi aliniita Bibi wa Mbuzi, kwa sababu baba yangu alileta mbuzi. Hata akikasirika. Aliyeniita Titilia ni Nemani tu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu ile bilo ya pili. Nilisema tu jina la mume wangu, na Nemani akanitazama. Nikaona amepata pa kupitia."

Nikamwuliza kama alijua pia kwamba yaqona ilikuwa ikimwua baba. Nilikuwa nimechora mchangani mbele yake, nilimkumbusha. Njia mbili, mlango, kifuniko.

"Ulichora vizuri," alisema. "Mimi niliyaelewa yote."

"Na ukaendelea kuleta mizizi."

"Alikuwa hajamaliza kusema, mwanangu. Na wewe," akaongeza, akinitazama kwa yale macho, "wewe ulikaa nyuma yake."

Nje kulikuwa na mtu anatwanga yaqona, kinu kinagonga taratibu kama kawaida ya saa hizo. Nilichota kijiko cha kwanza. Nilimwambia ainamishe kidevu, akainamisha. Nikaweka vidole viwili kooni mwake, ngozi laini kama karatasi ya Biblia, na nikahisi koo likijaribu kupanda, likichelewa, likipanda.

"Sema aa," nikamwambia.

Akasema. Ilitoka nzito, ya polepole, na maji ndani yake, na haikuwa ya kike. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo kwa miaka kumi na tisa. Vidole vyangu viliitambua kabla ya masikio.

"Arieta," ilisema, ikavuta pumzi ili iendelee.

"Kohoa kwanza, Mama mdogo," nikasema, nikampiga mgongoni. "Kohoa kwanza."